Bembea Niliyoazimwa na Wifi



Msimu wa harusi umeingia, na kila wiki napata swali lile lile kutoka kwa mabibi harusi: tunakwenda fungate, nifungashe nini? Mambo ya nguo, mafuta na udi makungwi wenu watawaambia vizuri kuliko mie. Lakini wiki iliyopita mmoja aliniuliza kuhusu bembea ya kulalia, ile ya kitambaa chepesi cha nailoni inayofungwa baina ya miti miwili. Mchumba wake ameshanunua, na yeye anataka kujua inafungashwa vipi, na wakirudi nyumbani aiweke wapi. Nikachukua simu nimjibu kwa sauti. Nikaanza, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Jibu ninalo, ila nililipata kwa njia ambayo sijawahi kuisimulia hapa.

Wifi yangu mkubwa, dada wa mume wangu, aliishi Muscat miaka 11 na mumewe. Watu wa kule joto likishavunjika hupenda kwenda kambi: jangwani, milimani, kwenye mabonde yenye maji wanayoyaita wadi. Mumewe alikuwa mtu wa safari hizo khasa. Alinunua bembea moja ya watu wawili, rangi ya kijani, pamoja na mikanda miwili mipana ya kuzungushia mti na kulabu mbili za chuma. Wifi anasema walikuwa hawaendi popote bila bembea ile na birika la kahawa. Mume alipofariki, Allah amrehemu, wifi alikaa eda yake kule kule, miezi minne na siku kumi, ndipo akarudi Unguja na masanduku manne. Bembea ilikuwa ndani ya moja.

Harusi yetu ilikuwa Mfunguo Mosi, masika yameshapita na kusi imeanza kuvuma. Tulipokuwa tunajitayarisha kwenda Pemba, wifi alikuja chumbani akanipa kifurushi kidogo, hakizidi ukubwa wa nazi, na mfuko mwengine mdogo pembeni. "Nakuazimeni," akasema. "Mkirudi mnirudishie, wifi. Hii siigawi." Bibi yao alikuwepo kitandani, akauliza ni nini, akaelezwa, akacheka: "Machela hiyo! Zamani tukichukuliwa wagonjwa humo, leo wanachukuliwa maharusi."

Tulikaa Konde, nyumba ya shangazi yake, ambaye alihamia kwa mwanawe ili atuachie nafasi (watu wa Pemba na ukarimu wao, Allah awalipe). Kila baada ya adhuhuri tulipanda pikipiki tukapita ndani ya msitu wa Ngezi, kivuli na ubaridi, mpaka unatokea Vumawimbi, mchanga mweupe mtupu na bahari. Siku ya kwanza nilishika kulabu nikanasa baibui langu, likachanika kidogo, tukacheka mpaka machozi. Wale mnaoolewa kwa kujuana kidogo mtanielewa: kuna mambo huwezi kumwambia mume uso kwa uso wiki ya kwanza. Ndani ya bembea mnalala mshazari, kila mmoja anatazama majani juu, na maneno yanatoka yenyewe. Humo ndimo nilimwambia kuwa naogopa kuzaa, kwa sababu dada yangu aliteseka sana. Humo ndimo aliniambia kuwa ana deni ambalo mama yake halijui. Bembea ile ilitufanyia kazi ya mwezi mzima ndani ya siku sita.

Siku ya mwisho, baada ya alasiri, mvua ya rasharasha ikatudaka. Tukaivuta mbio mbio, mikanda na kulabu zake tukazifinyanga humo humo ndani ya kitambaa, na mchanga, na maji ya chumvi, kwani mume wangu alikuwa ameikokota mpaka majini. Nyumbani nilikuwa na ule mfuko wa nailoni wenye zipu unaouzwa na shuka mpya. Nikaitia humo, nikafunga zipu, nikasema nitaianika kesho tukifika Unguja.

Kesho yake kulikuwa na wageni. Keshokutwa tulihamia chumba chetu. Mfuko uliingia chini kabisa ya sanduku la mninga, ukalaliwa na doti zangu za kanga za harusi, na hapo ukakaa mwaka mmoja na zaidi. Masika yote na vuli yote. Wifi aliniuliza mara moja, kwa upole, nikamjibu ipo, nitakuletea. Sikumdanganya, kweli ilikuwepo.

Alipouliza mara ya pili alikuwa ameshahamia nyumba yake Fuoni, kiwanja kina mwembe na mfenesi, akasema anataka aifunge pale awe anapumzika jioni. Usiku ule nikafungua sanduku. Harufu ilinipokea kabla ya mkono. Kitambaa kilikuwa na madoa meusi ya ukungu kama pilipili manga iliyomwagwa. Mikanda imekakamaa kwa chumvi, na pale iliposhikana na kulabu imekula kutu, rangi ya kahawia imeingia ndani ya nyuzi. Doti moja ya kanga ilipata doa pia, lakini hiyo hata sikuitazama mara mbili.

Sasa nisikilizeni nilichofanya, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Ningeweza kumpigia simu nikasema: wifi, nimekuharibia, nisamehe. Badala yake niliingia bafuni na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Mikanda niliilaza kwenye ndoo ya dawa ile usiku kucha, kitambaa nikakisugua doa kwa doa. Asubuhi madoa yalififia. Harufu ikabakia. Nikafanya kama tunavyofanya na nguo za bibi harusi: nikawasha chetezo, nikatia udi wa maana, nikaitanda bembea juu ili ifukizike. Cheche moja iliruka. Nailoni haichomeki kama pamba, inayeyuka. Nikabakiwa na kitundu cha ukubwa wa dengu chenye ukingo mgumu. Nikaikunja. Nakumbuka mikono yangu ilivyokunja, mara tatu, mpaka kitundu kikaingia ndani kisionekane. Nikaipeleka Fuoni na sahani ya visheti.

"Samahani kwa kuchelewa, wifi," nilimwambia. Kuchelewa tu ndiko nilikoombea samahani.

Ijumaa iliyofuata, baada ya alasiri, mkanda ulikatika. Wifi alikuwa ndio kwanza anakaa, Alhamdulillah si juu sana, lakini aliteremka kwa kishindo na akajizuia kwa mkono. Mfupa wa kifundo cha mkono ulipata ufa, akafungwa plasta wiki sita, mkono wa kulia. Nilipofika alikuwa anacheka na majirani. "Si bembea," anasema, "ni mie nimenenepa. Tangu nirudi kula wali tu. Marehemu angekuwepo angenicheka."

Wote wakacheka. Na mie nikacheka.

Wiki mbili, mashoga zangu. Kila siku mbili nilikwenda kumsaidia kufua na kupika, na kila siku alikuwa anajinyima. Jioni hali. Nilimpikia bokoboko, chakula anachokipenda kuliko vyote, akala vijiko viwili akaweka kijiko chini, akajishika tumbo: "Basi, wifi, nitakuja kuvunja na kitanda." Nilirudi nyumbani siku ile nikashindwa kula mwenyewe.

Nilimwambia mume wangu. Akanyamaza sana, halafu akasema, "Mkono unapona. Allah amekusitiri. Ya nini kumtonesha?" Nilitamani kuikubali hoja hiyo. Tumefundishwa sitara, kwamba mtu aliyesitiriwa na Mola wake asijifedheheshe mwenyewe. Lakini tulifundishwa pia chuoni kwamba hiyo ni kwa yaliyo baina yako na Mola wako. Haki ya mja haifutiki kwa istighfari peke yake, humalizana nayo kwa mwenyewe. Na amana ni amri iliyo wazi katika Suratun Nisaa, aya ya 58: irudishwe kwa wenyewe. Mie nilirudisha kitambaa. Kile alichonipa kilikuwa bembea inayobeba mtu.

Nikaenda siku ya kumi na nne. Alikuwa anachambua mchele kwa mkono wa kushoto. Nilisema yote, bila kupunguza: mfuko, sanduku, dawa, udi, kitundu. Nilipofika kwenye kitundu aliondoka akaenda kutazama chungu ambacho hakikuwa na kitu cha kutazamwa. Aliporudi hakukaa.

"Bembea kuchakaa ningekusamehe siku ile ile uliyoniletea," alisema. "Ingeniuma, lakini kitu cha dunia kile. Hii ya wiki mbili najinyima wali na wewe unanitazama, hii siijui niiweke wapi." Kisha akasema, "Nenda kwako leo. Nenda."

Sikuambiwa nimesamehewa. Nawaambia hili kwa sababu hadithi nyingi tunazosimuliana hufika hapa watu wakakumbatiana. Siku nne hakupokea simu yangu. Siku ya tano akapiga mwenyewe: "Njoo. Uje na maji ya tangi, ya kwetu yamekatika."

Alikuwa ameitandaza bembea yote kwenye sakafu ya ukumbi. Alitaka kuona nini kimekufa na nini kiko hai, na kwa kuwa mkono wake mmoja ulikuwa plasta, mikono ya kazi ilikuwa yangu. Hapo ndipo nilipofundishwa haya ambayo yule bibi harusi aliniuliza. Marehemu mumewe ndiye aliyemfundisha yeye.

Kwanza, kwa nini vifuko viwili. Siku ile anaponiazima nilidhani mfuko wa pili ni pambo. Ule ndio wa mikanda. Mkanda unazunguka mti, kwa hiyo unachukua utomvu, vumbi, mchanga, wadudu wadogo. Ukiutia pamoja na kitambaa, vyote vinahamia kule unapolalia. Na kulabu ndio mbaya zaidi, chuma na chumvi vikikaa pamoja ni kutu, na ukingo wa kulabu wenye kutu unakereza nyuzi kila mkikaa. Tukitoka pwani, alinionesha, kulabu zinasuuzwa kwa maji matamu, zinafutwa, zinapakwa tone moja la mafuta ya cherehani, zinafutwa tena zisije zikatia doa. Mikanda inasuuzwa mpaka maji yatoke safi, maana punje za mchanga zikibaki ndani zinafanya kazi ya msasa. Ikiingia utomvu wa fenesi, paka mafuta kidogo ya kupikia pale penye utomvu, sugua kwa kidole, kisha sabuni laini. Mkanda unakunjwa kama mshipi au unaviringishwa bila ya kukazwa. Usiufunge fundo.

Kitambaa hakikunjwi kama shuka. Hili lilinishangaza, mie niliyelelewa kukunja kila kitu kona kwa kona. Ukikikunja mstari ule ule kila siku, mstari ule ndio unaochoka. Kinashindiliwa tu: unashika ncha moja, unaanza kukitia kwenye kifuko chake ncha ile ile, unasukuma kwa ngumi mpaka ncha ya mwisho, na hiyo unaiacha juu mdomoni. Siku ya kufunga unatoa ncha ya juu, unaitia kulabu ya mti wa kwanza, unatembea nyuma kuelekea mti wa pili, na bembea inajitoa yenyewe bila ya kugusa mchanga. Kufungua ni vivyo hivyo kinyume chake: bembea kwanza, mikanda mwisho. Mabibi harusi, hamtahitaji hata kuvua baibui, ila angalieni kulabu.

Lakini mshindilio huo ni wa safari tu. Nyumbani inakaa kwa nafasi, isibanwe, ndani ya mfuko wa kitambaa kinachopumua. Wifi alishona wake kwa kanga kuukuu. Mfuko wa nailoni wenye zipu ndio uliokuwa kosa langu la kwanza. Hata nguo iliyokauka nusu inatoka jasho humo, na hewa yetu ya visiwani mnaijua. Juu ya kabati, si chini ya sanduku, si karibu na ukuta unaovuja, si jikoni panya watakapotafuta cha kutafuna. Karafuu chache zilizofungwa kwenye kitambaa zinatia harufu nzuri, ila zisiguse bembea yenyewe, zinaacha mafuta.

Kuosha ni maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kwa mkono. Dawa ya kung'arishia inakula nailoni, na huioni ikila, kitambaa kinabaki na sura ile ile nguvu imekwisha. Kuanika ni kivulini penye upepo. Jua la mchana linadhoofisha nailoni, na uzi wa mshono pia, ndiyo maana bembea isiachwe imefungwa nje miezi. Na chetezo, jamani, kiacheni kwa nguo za pamba na hariri. Mkitaka inukie, fukizeni chumba, si bembea.

Kabla ya kuifunga, kila mara, mkanda unapitishwa baina ya vidole kutoka ncha hadi ncha. Unatafuta pagumu, palipofifia rangi, nyuzi zilizosimama kama vinyweleo, na mishono ya vitanzi. Mkanda wetu ulikatika mshononi. Wifi aliushika mbele yangu akauvuta kwa mkono mmoja, wa kushoto, na nyuzi zikaachia kama za kitambaa kilichooza. Hakusema neno.

Kufunga nako kuna hesabu yake. Watu wanapenda kuivuta ikakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Mkanda ushuke kwa mteremko wa nyuzi 30 hivi. Hapo kila upande unabeba karibu sawa na uzito wenu. Ukiivuta mpaka mteremko ukawa nyuzi 10, kila upande unabeba karibu mara tatu ya uzito huo. Mkishakaa, makalio yasizidi kimo cha kiti cha kawaida kutoka chini. Mti uwe mzima na mnene. Mkichagua mnazi, tazameni juu kwanza.

Tuliifua siku ile mpaka magharibi. Kitambaa kilipokauka, wifi alikipitisha mbele ya taa, akakivuta sehemu nilizosugua, na mahali pawili pakaanza kupanuka kama chandarua. "Haibebi mtu tena," alisema. Nailoni iliyodhoofika hairudi. Nilimtazama nikitegemea atalia, lakini alisali magharibi kwanza, na aliposimama tena alikuwa amekunjua uso.

Zamu yangu ya upatu ilikuwa mwezi ule. Nilimwagizia ndugu yake mmoja aliyekuwa anarudi kutoka Muscat, akaja na bembea mpya, watu wawili, mikanda mipana, kulabu zisizoshika kutu. Wifi aliipokea, akaigeuza, akasoma kijikaratasi kilichoshonwa pembeni kinachosema inabeba kilo ngapi, akacheka kicheko chake cha zamani. Imefungwa baina ya mwembe na mfenesi, na jioni anakula wali wake.

Ile ya kijani hakuitupa. Iko juu ya kabati lake, ndani ya mfuko wa kanga, na kila masika yakimalizika ananipigia simu niende. Tunaitoa, tunaikung'uta, tunaitundika ukumbini mbele ya dirisha siku nzima ipigwe na upepo. Mwaka huu mwanangu alitaka kuingia ndani yake, akazuiliwa, akauliza sasa ya nini. Wifi akamwambia ya mjomba. Mtoto akakubali, akakaa chini yake akacheza kwenye kivuli cha kijani mpaka alasiri.